Saa za Kulala za Wasichana wa Mungaa

Jumanne, 14 Juni 1994. Asubuhi: upepo wa baridi, vumbi, hakuna wingu.

Zuhura rafiki yangu,

Jana tulisoma arobaini yako hapo kwenu Issuna. Mama yako alinipakulia pilau kwa mkono wake, akanikalisha karibu naye, akasema, "Wewe mwanangu ndiye uliyeiweza ile kazi. Mwenzako alikuwa mvivu, Mungu amsamehe."

Nikala, Zuhura.

Kazi yenyewe unaikumbuka: yale madodoso ya Mungaa, kuwauliza vijana wanacheza na kutembea kiasi gani, wanatazama video kwa muda gani, wanalala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Wewe ulikaa na kila msichana jikoni kwao mpaka amalize kusonga ugali. Neema alipokuuliza, "Dada, mimi sina kiingilio, nachungulia kwenye tundu la banda la video. Nako kunahesabiwa?" ukamjibu, "Jicho moja, nusu saa." Tulicheka mpaka kalamu ikakudondoka.

Lakini kwenye kulala tulikwama. Nyumba nyingi hazikuwa na saa. Walisema, "Nikishaosha vyombo." "Ndama wakishanyamaza." Wewe uliacha kisanduku wazi, ukaandika pembeni maneno yao kama yalivyo. Mimi nilichoka kurudi kwenye nyumba zile. Nilibaki chumbani tulikopanga, nikafungua shajara yangu, ambamo tangu kidato cha kwanza naandika saa niliyolala, nikawagawia wasichana ishirini na mmoja usingizi wangu mwenyewe. Mmoja nilimpa usiku niliougua malaria.

Msimamizi aliinua karatasi zangu mbele ya wote. "Hivi ndivyo dodoso linavyojazwa." Zako akazitupa mezani, akasema umezembea, kazi basi. Ukanitazama. Ulikuwa umenikuta nikinakili, ulijua. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ulifungasha siku ile ile. Hukunitaja kwa mtu. Hata mama yako hukumwambia.

Tangu ufe nimepandishwa cheo. Nawafundisha wapya jinsi ya kuuliza, na nikifika kwenye swali la kulala nalipita haraka.

Jumamosi narudi Issuna. Nitamwamkia mama, nitakaa chini, nitamwambia mvivu alikuwa nani, na shajara nitamwachia mkononi. Kisha nitakwenda kwa msimamizi, hata kama kazi itaishia hapo. Wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza, ulipokuwa bado unasikia. Nimechelewa. Pumzika, Zuhura. Jina lako nitalirudisha kwenu.

Nyongeza, Jumatano asubuhi: nililala saa nane na robo usiku. Hiyo sijampa mtu.