Mgongo Wangu na Mikono ya Bi Mdogo

Tandale, Dar es Salaam

Mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Nakuulizia magoti yako, mikorosho, na maji ya huko kijijini mlikohamishiwa, kama bado mnayafuata mbali. Sisi tu wazima, ila mimi kifua ni kilekile. Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha jioni kimenifaa, na baba Hassani hajui nilichoandika. Kaka akikusomea, afunge mlango kwanza.

Umeuliza kama ni kweli nimemruhusu mke mwenzangu anipige. Ni kweli, mama. Ngoja nikueleze kabla hujalia bure.

Hospitali wamenipima, wakasema si kifua kikuu. Ni homa za kifua za utotoni, na vumbi la sufi tunayojaza kwenye magodoro limezidisha. Njia za pumzi zimelegea, makohozi yanatuama humo hayatoki. Dawa nameza, lakini muuguzi alisema haitoshi. Asubuhi kabla ya kula, na jioni tena, nilale kifudifudi, miguu ya kitanda upande mmoja iinuliwe kwa matofali ili kichwa kiwe chini. Kisha mtu anipigepige mgongo na mbavu kwa kiganja kilichokunjwa kama anachota maji. Halafu nivute pumzi ndefu, nikohoe, nitoe. Baba Hassani anatoka alfajiri kwenda kupakua mizigo bandarini. Anayebaki nyumbani ni nani? Mwanahawa, bi mdogo. Ndiye ambaye muuguzi alimfundisha.

Hebu fikiria, mama. Umpe mke mwenzio mgongo, kichwa kinaning'inia kama kuku anayepelekwa sokoni, na yeye kasimama juu yako! Nilikataa mpaka pumzi iliponishinda. Nilipokubali, niliweka kioo changu kidogo sakafuni, chini ya uso, nimwangalie. Makohozi yangu sikumwachia ayamwage. Nayafukia mwenyewe nyuma ya choo, maana najua mtu anavyoweza kufanyiwa kwa kitu kilichotoka mwilini mwake.

Basi siku moja kwenye kioo nikaona midomo yake inachezacheza. Nikageuka, nikamkamata mkono.

"Unanisomea nini?"

"Sikusomei wewe, bi mkubwa. Nasoma kisomo. Ba be bi bo bu. Mwalimu anatuuliza leo."

"Ndiyo kunong'ona?"

"Sasa nipige kelele, majirani waseme mie mwehu?"

Nikamwambia asome kwa sauti, nisikie kila kitu. Tangu hapo napigwa mgongo kwa ba be bi bo bu, na nikikohoa kivivu ananikaripia kuliko mwalimu mwenyewe. Bado nilimshuku. Nilijiambia, anayejifunza hayo anaweza kujifunza na mengine.

Mwezi uliopita alikwenda kwao Kisarawe msibani. Baba Hassani akasema atanipiga yeye. Mama, mkono wa mtu wa magunia! Mbavu ziliniuma wiki nzima na hakuna kilichotoka. Bi mdogo aliporudi alinikuta nimejikunja, midomo imebadilika rangi. Hakuweka hata furushi lake vizuri. Alinilaza, akanipiga, nikatoa, nikapata usingizi. Nilipoamka nikakumbuka kwamba sikuweka kioo.

Sasa shida iko hapa. Unajua nilivyomsumbua baba Hassani tangu amwoe huyu, kwamba kila mtu akae kwake. Juzi kaja anacheka, amepata chumba Temeke, na bi mdogo anahamia huko. Nikahisi kuna mchezo. Mbona sasa? Nikamfuata bi mdogo uani, anapepeta mchele.

"Ni wewe uliyeomba kuhama?"

"Mie? Si wewe uliyeomba! Mtaa mzima unajua."

"Na umefurahi?"

"Nani asiyefurahi kupata jiko lake?"

Angesema hakufurahi, ningejua ananidanganya. Lakini alisema kweli, na mikono yake inaondoka naye; hapo ndipo nilipoogopa. Wewe unaniambia nirudi nyumbani, lakini huko nani atanipiga, mama? Mikono yako imekakamaa kwa baridi yabisi. Bila mikono ya mtu anayejua, nitakufa kwa kukosa pumzi nikiwa kwetu, nimezungukwa na watu wanaonipenda.

Nilimwambia baba Hassani chumba akirudishe. Akauliza huyu kaniroga nini. Hata mimi ningeuliza hivyo. Leo asubuhi, mimi bi mkubwa, nimemshika Mwanahawa kanga nikamwomba abaki. Akasema atabaki, ila anataka lile jiko langu jipya la mkaa. Nimempa. Sijui kama ndilo alilokuwa akilitaka siku zote.

Msalimie kaka na wifi yangu, shangazi mkunga, na mjomba anayechonga vinyago, mwambie vumbi lile afunge kitambaa puani. Mwanahawa naye anakuamkia, shikamoo. Hakuniomba niandike hivyo. Nimeandika mwenyewe.

Mwanao,
Somoe