Mgeni wa Kila Jumapili

Saiba ya Asho,
Kitengela.
14 Oktoba 2007

Kwako kaka yangu Lemein,

Supa, mtoto wa Yeyo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, umekula vizuri na umevaa kitu kizito, maana nasikia huko Kanada baridi huanza mapema. Sisi huku ni wazima. Watu wakiandika barua husema hofu ni kwako uliye mbali. Wacha leo niseme ukweli, hofu iko kwangu mimi. Naogopa ukiona jina langu nyuma ya bahasha utajiuliza nani alinipa anwani yako, na kabla ya kufika katikati utakuwa umefunga mizigo uhame tena, nikupoteze mara ya pili. Tafadhali, keti chini umalize kusoma. Nitakuambia yote, hata yale yanayoniaibisha. Na ukiona barua haina hesabu ya kitu chochote, usishangae, sababu utaipata mbele.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua ya mwaka huu ilikuja vizuri na majani yapo. Kitengela huwezi kuijua. Pale tulipokuwa tukipitisha ng'ombe siku hizi ni ploti na seng'enge, kila mtu na geti lake, na punda milia wanasimama nje ya waya wakishangaa kama wageni. Mama yetu, Yeyo, ni mzima, isipokuwa magoti. Amekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa shanga pale Isinya, na uenyekiti umemwingia kichwani, hata chai siku hizi anataka ipigiwe kura. Baba macho yamefifia. Hospitali ya Kajiado wanasema ni mtoto wa jicho na wanaweza kumtoa, lakini yeye anasema ameona ya kutosha. Si unamjua.

Mimi niko na kazi kwa saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, ya mama mmoja Msomali anaitwa Asho, watu wao ni wa Wajir, na mume wake anauza mbuzi sokoni. Asho ana mdomo mkali na roho laini. Alinikuta nikifagia kwa jirani, akaniuliza kama najua kusoma, na kesho yake akaniketisha mbele ya kompyuta. Nilijifunza kuchapa, halafu kutengeneza tovuti, polepole, kwa kusumbua kila mtu. Tovuti ya kwanza niliyotengeneza ni ya kikundi cha Yeyo. Kuna ukurasa wa shanga, na kuna ukurasa wa picha ambapo Yeyo amekaa nje ya nyumba, na nyuma yake amesimama yule ng'ombe mwekundu, Nado. Chini nikaandika jina la Yeyo, jina la ng'ombe na jina la Isinya. Nilifanya hivyo kwa maringo tu, sikujua natega mtego.

Ile picha wewe unaijua, najua unaijua, na hapo ndipo aibu yangu inaanzia.

Kuna kifaa kipya kimekuja kwenye intaneti, tena cha bure. Unabandika mistari michache chini ya ukurasa, mahali mgeni haoni. Basi kila asubuhi unafungua na kuambiwa watu waliokuja, walitoka mji gani, walitazama nini, walikaa dakika ngapi, na hata ni maneno gani waliandika wakitafuta mpaka wakafika kwako. Jina la mtu hakisemi. Lakini Lemein, jina lina kazi gani ukijua mengine yote? Mara ya kwanza nilipowaambia akina mama kwamba mtu wa Ujerumani ametazama shanga zao, waliimba mpaka mbwa wakakimbia.

Halafu akaja mgeni mmoja kutoka mji unaoitwa Brooks, Alberta. Alikuja siku ya Jumapili. Hakugusa shanga, hakuuliza bei, alienda moja kwa moja kwa picha ya Yeyo akakaa hapo. Jumapili iliyofuata akaja tena. Nikaangalia maneno yaliyomleta. Alikuwa ameandika jina la Yeyo, akaandika Isinya, na mwisho akaandika Nado. Aki nilishika meza. Dunia nzima, ni nani mwingine anajua kuna ng'ombe anaitwa Nado, isipokuwa yule aliyembeba mabegani akiwa ndama, ule mwaka wa ukame, kutoka Nairobi mpaka nyumbani, wakati ng'ombe wengine wote aliowapeleka huko kutafuta majani walikuwa wamefia njiani?

Tangu utoke nyumbani tulikuwa tumeambiwa uko Tanzania. Wengine walisema umekufa. Kumbe uko hai, na kila Jumapili unakuja nyumbani kwa mlango wa nyuma!

Ningekuwa na akili ningeweka ujumbe pale pale, nikuambie nimekuona. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza nikaendelea kukuchungulia. Nilibadilisha picha ili nione utafanya nini. Nikiweka Yeyo akicheka, unakaa sana. Siku moja niliweka picha ya Baba, ukaondoka mara moja, na mimi nikalia hapo mbele ya wateja. Nikafuta machozi, nikasoma mstari wa chini, kumbe baadaye ulirudi, ukakaa na ile picha muda mrefu kuliko siku zote. Jumapili moja hukuja kabisa nami nikashindwa kula. Nilikuwa nimekufanya kaka wa kuangaliwa, na wewe hujui kama una dada anayekuangalia.

Haikunitosha. Asho ana binamu yake anaitwa Ayan, anafanya kazi huko huko Brooks kwenye kiwanda cha nyama. Nilimdanganya Asho kwamba kuna mteja wa shanga, Mmasai wa huko, anapaswa kutumiwa kifurushi. Ayan akauliza kiwandani, na haikuchukua hata wiki, kumbe nawe unakata nyama hapo hapo. Hivyo ndivyo nilivyopata anwani yako. Usimkasirikie Ayan, yeye alifikiri anasaidia.

Asho alipojua ukweli alinichamba vizuri. Alisema mgeni akipiga hodi nyumbani kwako unampa maji, humtazami kupitia tundu ukihesabu anavyopumua, tena humtumi mtu amfuate mpaka kwake. Alisema anajua watu waliohama ili wasipatikane, na si wote walikuwa na makosa, wengine walikuwa wanakimbia kisu. Akaniuliza kama mimi najua wewe unakimbia nini. Nilitaka kumjibu kwamba najua. Unakimbia yale maneno ya Baba.

Sasa sikia kosa kubwa kuliko yote. Nilimwambia Baba.

Ilikuwa juzi juzi, mchana, amekaa nje na fimbo yake. Nilifikiri nampelekea zawadi. Nilichapisha zile taarifa za kile kifaa kwenye karatasi, nikakaa karibu naye, nikaanza kumsomea. Lemein amekuja mara kadha wa kadha, amekaa dakika kadha wa kadha. Nilikuwa nasoma kwa furaha kama mwalimu anayesoma matokeo. Baba akainua mkono. Akaniuliza nani amenifunza kuhesabu mtoto wa mtu.

Lemein, nilihisi ardhi inanimeza. Tumelelewa nalo jambo hili. Ng'ombe hahesabiwi, mtoto hahesabiwi, ukihesabu unaita hasara. Mimi na kompyuta yangu nilikuwa nimesahau nimezaliwa wapi. Baba akasema ng'ombe wakirudi jioni, hata sasa na macho yake haya, yeye husimama langoni na kujua nani hajarudi, na hajawahi kuhitaji namba. Akasema tangu uondoke hajafunga lango hata jioni moja bila kujua kuna mmoja hajarudi.

Halafu akaanza kuchora mchangani kwa fimbo. Nikafikiri ameghadhibika, nikaanza kukusanya karatasi. Kumbe alikuwa anatafuta swali. Aliniuliza kama ulipoona picha yake ulikaa. Nikamwambia uliondoka, kisha ukarudi, ukakaa. Akageuza uso upande wa zizi, na mimi nikatazama chini, maana baba wa mtu hatazamwi akilia.

Nakumbuka, na wewe unakumbuka, alivyokuambia siku ile ulipofika na Nado peke yake mabegani, miguu yako inatoka damu. Alisema afadhali ng'ombe wangerudi na wewe ubaki huko. Sasa ameniambia nikuandikie hivi, na nimeandika kama alivyosema, sijaongeza kitu: "Yale maneno yalisemwa na njaa. Mimi niliipa mdomo tu. Mdomo huo umenionea haya miaka yote hii."

Akasema pia niondoe hicho kitu cha kukuhesabu. Nimekiondoa Ijumaa, Asho akiwa amesimama nyuma yangu kama askari. Karatasi nimezichoma. Nilitamani kuangalia mara moja ya mwisho kama ulikuwa umekuja, wacha nisikudanganye, nilitamani sana. Sikuangalia. Picha ziko pale pale, za Yeyo na za Baba. Njoo utakapo, kaa utakavyo, hakuna mtu atakayejua. Usipojibu barua hii sitakutafuta tena, na Ayan nimemwomba asikusumbue. Jumapili ikifika mimi nitakaa tu nikijiambia pengine yuko.

Nisamehe, kaka yangu. Nilikuwa nimekukosa sana, na mtu aliyemkosa mwingine hana adabu.

Yeyo anakusalimu mpaka machozi, anasema ule nyama hapo kiwandani, usikate tu. Asho anakusalimu ingawa hakujui, na anasema nyumba yake iko na kitanda. Enkai akulinde, akupe njia laini, ya kwenda au ya kurudi.

Ni mimi dada yako mdogo,
Nashipae

Nilitaka kusahau. Nado amezaa wiki jana, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Yeyo alitaka kumpa jina, mimi nikataka kumpa jina, Baba akatukataza sote. Anasema mwenye kumpa jina hajarudi.