Jina Chini ya Jina la Babu

Le Locle, Ijumaa

Mpwa wangu Ludivine,

Theluji imefika dirishani, nami mzima kama chuma. Zile saa za mkononi kumi na mbili tunazowaundia matajiri hapa kiwandani, zenye mitambo ya kale tuliyoifufua, bila mjomba wako zingekuwa kokoto tu! Ndani ya ile ya saba, kwenye mtambo wake, nilikuta jina la babu yako, alilolikwaruza alipoutengeneza, kama mafundi wa zamani. Kwa majivuno nikakwaruza langu chini yake.

Leo msimamizi, Bwana Perrenoud, kasema: "Armand, Jumatatu nazifungua zote. Nikikuta mkwaruzo mpya, utakwenda kuuza jibini!"

Nilicheka. Majina yamegusana, nikifuta langu, la babu nalo litapotea. Nimeushika msasa tangu asubuhi.

Sasa nimeurudisha kabatini, sijafuta kitu. Niombee, mwanangu.

Mjomba wako,
Armand