Saluti kwa Asiyejulikana

Mwanangu kipenzi,

Baba yako hajambo, bibi anakusalimu kwa meno yake mapya, na kaka yako yuko likizo, anakunja shuka kijeshi mpaka naogopa kukalia kitanda.

Jana alinisomea kwenye simu maandishi ya wale watu wa mtandaoni wanaoficha majina na kuitisha mgomo. “Mama, sisi jeshini tunageuka kwa sababu mkubwa amefoka. Hawa hawana mkubwa, hata sura hawajuani, na mji mzima umefunga maduka! Huyu anayeandika ningempigia saluti.”

Maandishi hayo yalikuwa yako, mwanangu. Nilisahau jiko, mboga ikaungua.

Jumatatu anarudi kambini, na kazi aliyopangiwa ni kuwasaka ninyi. Hajui kwamba umo. Nimwambie, au ninyamaze? Nijibu upesi, kabla hajaondoka.

Mama yako