Bega la Baba

Kariakoo,
9 Novemba 1997

Kaka Hillary,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Arusha, na kile kikohozi cha mdogo kimepoa. Sisi tupo, ila baba yako amenichosha, tena amenichosha hasa.

Uliandika nimpeleke kwa mtaalamu. Nilimpeleka. Tangu aumie bega akishusha marobota ya vitenge vya Dubai hapa dukani, hakulalia tena upande wa kulia, na akivaa shati huuma meno. Kwanza aligoma, eti altrasaundi ni kipimo cha wajawazito, Kariakoo nzima itamcheka. Nilimbembeleza siku nne kama mwali.

Tulikwenda kwa Dokta Falguni, yule mama wa Kihindi mwenye kliniki karibu na Mnazi Mmoja. Alimpaka mafuta ya baridi begani, akapitisha mashine, akatuonyesha kwenye kioo kwamba kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, imechanika kidogo. Kisha akapima kwa mikono. Akauinua mkono, akausukuma, akabonyeza, kila mara akiuliza kama panauma. Baba akajibu hapaumi hata chembe. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni! Unamjua, mbele ya mwanamke haugui, hata kama mwanamke mwenyewe kasomea maumivu.

Dokta akaeleza kuwa picha peke yake haitoshi, maana wazee wengi wamechanika kano na wala hawaumwi. Kama kweli hapaumi, aendelee na kazi zake. Baba akatoka kifua mbele. Alhamisi akanyanyua robota, tukasikia kitu kikikatika begani. Sasa mkono haupandi, vifungo vya shati namfungia mimi, na bado anasema yule dokta hajui kazi.

Kaka, kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Siku ile Dokta alinigeukia akaniuliza kama Baba hulalamika nyumbani. Nikasema hapana. Mimi, ninayemsikia akiguna kila akijigeuza kitandani. Mzigo wa Krismasi ulikuwa umefika, na nilijua akiambiwa apumzike nitabaki dukani peke yangu. Nimemsema Baba barua nzima, lakini yeye alidanganya kwa aibu. Mimi nilitaka abebe.

Kesho namrudisha, na nitasema kweli mbele yake. Niombee.

Msalimie wifi, watoto wabusu wote. Tukikutana nyumbani Rombo Desemba, usimpe Baba mkono. Atajitahidi kukunyooshea wa kulia.

Mdogo wako,
Candida