Niliandika Mama Yangu ni Hispana

Dada Amparo wa redio, nisaidie, maana shimo hili nimelichimba kwa mkono wangu. Nachuma stroberi ugenini hapa Oxnard, na mchumba wangu, Maricruz, ni wa watu wa Jalisco, na tangu tujuane nimemwambia mimi ni wa mjini Puebla, kumbe kwetu ni milimani Oaxaca na lugha yetu ni Kimixteki, ya wenyeji wa asili, kwa sababu mama yake, Doña Graciela, huwaita watu wa kwetu "vile vifupi visivyojua kusema", na mezani huwacheka mpaka ashike mbavu, nami nacheka naye. Sasa mama yangu, Eufrosina, amelazwa, mguu umeoza kwa kisukari, na fomu ilipouliza asili na lugha, Doña Graciela alikuwa amesimama begani kwangu, nikaandika "Hispana, anasema Kihispania", wakaleta mkalimani wa Kihispania, naye mama, ambaye Kihispania chake chote ni neno moja, la "ndiyo", akajibu "sí, sí" kwa kila swali huku anatabasamu, akaweka dole gumba. Dada, amekubali kukatwa mguu Ijumaa! Anadhani watausafisha tu. Jana kaninong'oneza, "Mwanangu, Jumamosi niletee viatu nirudi nyumbani," nikamwambia nitaleta. Nikisema ukweli namkosa Maricruz. Nifanyeje?

Fidencio

Fidencio, unauliza ufanyeje kana kwamba kuna mambo mawili ya kupima! Hispana ni neno la makarani, la kuwatia Mkuba, Mperu na huyo Doña wako kwenye kisanduku kimoja kwa kuwa wazee wao walisema Kihispania. Halijamfundisha mtu lugha hiyo hata siku moja. Wewe ulilijua hilo, ila ulitaka likuongezee kimo mbele ya mama mkwe.

Nakuhurumia, kidogo. Najua mnavyotukanwa mashambani. Na huyo Graciela mwambie mimi pia ni wa Jalisco, na ananitia aibu. Lakini mama yako hakukutuma ukaoe kwa mguu wake.

Leo ni Alhamisi, upasuaji ni kesho. Nenda kwa nesi useme, "Nilidanganya. Mama yangu anasema Kimixteki." Dai mkalimani wa Kimixteki, hata kwa simu, anayeelewa usemi wa kijiji chenu, na upasuaji usimame mpaka mama aelezwe. Wewe usimtafsirie, umeshatafsiri vya kutosha. Huenda mguu ni lazima ukatwe kweli. Basi akubali au akatae kwa maneno yake, na wewe uwepo, usiangalie dirishani.

Maricruz mwite asikie ukiongea Kimixteki na mama yako kwa sauti, si kwa kunong'ona. Akikimbia, mwache, ana miguu yote miwili.

Zima redio, bwana. Wodi zinafunguliwa saa mbili.