Alama ya Kutoa

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo mama? Sisi wazima, ila goti la mama yako linanuna kukiwa na baridi.

Nina jambo la darasani. Karatasi za hesabu nilizitoa kwa ile programu yako ya nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, kama siku zote. Mwanafunzi wangu mshonaji, yule aliyepoteza macho ukubwani, alikosa karibu kila swali. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anasoma kwa pupa. Hajaja tangu hapo. Jana ndipo nikapitisha vidole kwenye karatasi yenyewe. Penye hasi tano pameandikwa tano. Alama ya kutoa haipo popote. Mama wa watu alijibu sawasawa kile alichopewa.

Kuna kitu mmegusa?

Baba yako

19 Machi

Mama,

U mzima kweli? Siku kumi na sita kimya. Mama yako akiuliza namwambia umebanwa na kazi, na unajua mimi uongo hunishinda. Sikuandika ili kukugombeza.

Baba

22 Machi

Shikamoo baba,

Niko mzima, nisamehe. Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, nikaifunga.

Kosa ni langu. Programu yetu ni ya bure, tunaijenga watu wachache kwa kujitolea, na imesimama juu ya vipande ishirini na kitu vya programu vilivyoandikwa na watu nisiowajua. Kipande kikitoa toleo jipya, kazi yangu ni kusoma kilichobadilika, kukijaribu, ndipo nikubali. Mwezi uliopita yalikuja matoleo kumi na moja kwa mpigo. Nilisoma manane. Matatu niliyakubali hivihivi, nikiwa kwenye foleni ya benki.

Katika moja kulikuwa na mstari mmoja tu: “Alama zisizo za lazima sasa zinaondolewa.” Kwa aliyeandika, huo ni usafi. Kwetu ni hesabu nzima.

Nimerudisha toleo la zamani na kulifungia lisibadilike lenyewe. Shule zote sita zinazoitumia nimeziandikia kwamba ni mimi. Lakini baba, wewe hujawahi kumwaibisha mwanafunzi bure, na safari hii nimekufanya umwaibishe. Nafikiri niwaachie wengine kazi hii.

Mwanao

30 Machi

Mama,

Marahaba. Goti limepoa, mama yako anakusalimu.

Jana nilikwenda kwa mshonaji. Alinifungulia. Nikasema, “Nimekuja kuomba radhi. Karatasi ilikuwa na kosa, nami sikuigusa kabla ya kukusema.”

Akasema, “Mwalimu, wiki nne naviambia vidole vyangu vinanidanganya.” Akalia. Na mimi pia, usimwambie mama yako.

Baadaye akauliza, “Aliyekosea nani?” Nikajibu, “Sisi wawili, mimi na binti yangu. Sasa yeye anataka kuacha.” Akashtuka. “Aache? Huyo ndiye anayejua tundu lilipo! Mwambie aniletee hizo karatasi nizisome kabla hazijaenda kwa watu.”

Leo alikuja darasani. Nikarudia maneno yangu ya radhi mbele ya wote. Kumsema nilimsema hadharani, radhi nayo haikustahili kubaki mlangoni kwake.

Baba

14 Aprili

Shikamoo baba,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, chai ikafurika jikoni kote.

Siachi. Wiki hii yamekuja matoleo manne. Yote nimeyasoma, neno kwa neno. Matatu nimeyakubali. La nne linahusu herufi, na kwenye kompyuta yangu linaonekana safi, ila macho yangu siyaamini tena peke yake. Nimetuma kurasa mbili kwa posta. Mkisema sawa, naliachia.

Mwanao

25 Aprili

Mama,

Hujambo? Huku wote salama.

Kurasa zimefika. Mimi nilizisoma mara moja nikasema ziko sawa. Mshonaji akanipokonya, akazirudia taratibu, akafika kwenye neno “ng'ombe” akasimama. “Mwalimu, huyu ni mnyama gani?” Kile kikoma cha juu, baada ya “ng”, kimeliwa! Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini.

Anasema nikuandikie neno moja: bado.

Basi lirekebishe kwa nafasi yako, ututumie nyingine. Ameshahamia kiti cha karibu na dirisha, anasema hapo ndipo atakapokuwa anakusomea.

Baba yako